Tutafika Hapo, Mama

Katika duka langu hakuna mtu aliyewahi kufa akiwa mvivu. Hakuna mlevi, hakuna aliyempiga mkewe, hakuna aliyeuza shamba la ndugu yake akanywa hela zote. Wote walikuwa wachapakazi, wacheshi, wapenda amani na nguzo za kanisa. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyewaandika. Nina duka la kuchapisha hapa Ogembo, karibu na stendi ya bodaboda, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa wasifu wa marehemu, ule ukurasa wa katikati wa programu ya mazishi unaosomwa mbele ya jeneza kabla mhubiri hajasimama.

Wafiwa huja wawili wawili, macho mekundu, wameshika picha moja ya kitambulisho. Nawauliza marehemu alizaliwa wapi. Wanatazamana. Mtu ameishi na baba yake miaka hamsini na hajui kwa nini mguu wa kushoto wa baba ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. "Andika tu vile huandikanga," wananiambia. Basi naandika vile huwa naandika. Kwenye kompyuta nina faili nililoliita Marehemu, lenye nafasi wazi zilizopangwa kwa mfuatano: kuzaliwa, masomo, ubatizo, ndoa, watoto, kazi, ugonjwa, saa ya mwisho. Najaza majina, natoa nakala mia mbili, wanakwenda kuzika. Nilikuwa nikiwakasirikia sana watu hao. Kuna mmoja nilimwambia kwamba kama hakumuuliza mamake akiwa hai, asinitume mimi nikamuulize sasa. Alihamia duka la ng'ambo ya barabara, na hakukosea.

Kwa hivyo mama yangu alipougua, nilijiapia kwamba wake hautakuwa wasifu wa kujaza nafasi.

Mama aliishi peke yake katikati ya chai, huku Itumbe, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Alianza kwa kuacha ugali, kisha ndizi, kisha akawa mtu wa uji. Ugonjwa huo tunaujua kwetu. Mzee akisema chakula kinamkwama, majirani hawaulizi swali la pili. Daktari wa mjini Kisii alituita mimi na kaka yangu mkubwa kando, akatuambia ni kansa ya koo, wakati wa kupasua umepita, na kwamba sauti ya mama itamtoka kabla yeye mwenyewe hajaondoka. "Kama kuna mambo ya kuongea, muongee mapema," akasema. Kaka alidhani anazungumzia shamba. Mimi nilifikiria simu yangu, kwamba inanasa sauti.

Kaka hakupenda. Kwetu kuandika maisha ya mtu ambaye bado anakunywa uji ni kumchimbia kaburi akitazama. "Unataka watu waseme tuko na haraka ya kumzika?" aliniuliza, tena mbele ya mama mwenyewe.

"Mwache aandike," mama akasema. "Kwani ni nani hapa hajui ninakufa? Labda ng'ombe."

Tulikuwa tunazungumza Kigusii, kama tunavyozungumza nyumbani siku zote. Hapa nayaweka kwa Kiswahili, na ninajua mengi yanabaki kule.

Tuliafikiana Jumapili, siku ambayo nafunga duka. Jumapili ya kwanza niliketi kando ya kitanda, nikaweka simu juu ya kigoda. Mama alijifunga leso vizuri kichwani kana kwamba simu ingemwona, akakohoa, akasema: "Wacha nianze na yule mtoto wa Marani."

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Tulikua tukijua, kwa ile njia ya watoto ya kujua na kunyamaza. Nilikuwa darasa la sita, tunachuma chai, shangazi alipoteleza ulimi kwamba mama aliolewa Marani kabla ya kuolewa na baba, akazaa msichana huko, akamwacha. Alinyamazishwa papo hapo na sikulisikia tena neno hilo. Nyumbani tulikuwa watoto sita. Wa saba, ambaye kwa haki ndiye wa kwanza, hakuwa na picha, hakuwa na jina.

Mama alikuwa amesubiri kulisema neno hilo kwa zaidi ya miaka sitini, na sasa alikuwa na mtu wa kumsikiliza. Mimi nikamwambia: "Tutafika hapo, mama. Kwanza tuanze mwanzo. Ulizaliwa wapi?"

Nimejiuliza sana kwa nini. Woga ulikuwepo, sitaki kudanganya. Lakini zaidi ya woga ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na mpangilio wangu: kuzaliwa, masomo, ubatizo. Mtoto wa Marani alikuwa chini ya ndoa, na ndoa ilikuwa nafasi ya nne. Miaka yote nilidhani ninalichukia lile faili, kumbe lilikuwa limeshanifundisha kusikiliza kwa mpangilio wake.

Mama hakubishana. Alikuwa mtu wa kumtii yeyote aliyeshika kalamu, kama wanawake wengi wa rika lake. Alirudi mwanzo, upande wa Nyamira alikozaliwa, akanipa mambo ambayo sijawahi kuyaandika kwa ajili ya mtu yeyote. Alinieleza mvua ya mawe iliyopiga shamba lao la wimbi hadi bibi yangu akaketi shambani akikataa kuinuka. Alinieleza jinsi walivyojipaka majivu miguuni ili wasiungue na baridi ya asubuhi. Nilirudi Ogembo nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilijiona fundi.

Jumapili ya pili sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Sasa yule mtoto," akaanza.

"Tutafika hapo, mama. Tuko kwa shule."

Shule ilikuwa fupi. Alikaa darasani majuma machache, akatolewa abebe kaka yake mdogo mgongoni. Hakujifunza kusoma wala kuandika. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kwa heshima tu, akikifungua ukurasa wowote, kwa kuwa nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Alinisimulia hilo akicheka, na mimi nilicheka naye, bila kuona kwamba hapo ndipo tungekwama.

Jumapili ya tatu tulikuwa mtoni kwenye ubatizo wake, maji ya baridi, mhubiri mfupi aliyehitaji kusaidiwa kumwinua. Mara mbili alitaka kwenda Marani, mara mbili nikamrudisha mtoni. Hata nilimwambia haraka haraka haina baraka. Msemo mwingine, wa ngoja ngoja na matumbo, haukunijia.

Kisha nikakosa Jumapili mbili. Watu walikufa sana mwezi huo na programu zilinijaa mezani, Jumapili nikawa nashinda dukani badala ya kufunga. Nilikuwa nikiandika marehemu wa watu kwa bidii huku wangu akiwa bado anapumua, kilomita chache tu kutoka hapo.

Niliporudi, mama alikuwa amebaki na mnong'ono. Nilisogeza simu hadi juu ya mto aliolalia, karibu na mdomo wake, na kumwambia sasa tumefika kwenye ndoa. Alinitazama kwa muda kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefunguliwa kweli.

Aliolewa Marani akiwa msichana mdogo, akasema. Ng'ombe wa mahari walifika kwa babu, na kama ilivyo desturi hawakukaa: walipelekwa moja kwa moja kumwolea mke kaka yake mkubwa. Huko Marani alipigwa. Alirudi kwao mara ya kwanza, babu akamrudisha. Akaja mara ya pili, akarudishwa. Akibaki nyumbani, ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe wameshakuwa mke wa kaka. Nyumba ya kaka ingevunjika ili yake ivunjike vizuri. Mara ya tatu alitokea baba yangu, mtu mpole mwenye ng'ombe wake, akasema atamchukua. Ng'ombe wa baba hawakulala hata usiku mmoja katika zizi la babu. Walipitishwa tu, wakaenda Marani kulipa wale wa kwanza. Na mtoto, kwa kuwa alizaliwa chini ya wale ng'ombe wa kwanza, alikuwa wa Marani.

"Alikuwa ameanza kutembea," mama akanong'ona. "Nilimketisha mlangoni kwa bibi yake. Nikamwambia naenda mtoni, narudi."

Alitema mate kwenye mkebe. Nilimshika bega hadi akatulia.

"Nataka asomwe," akasema. "Siku hiyo. Watoto wakisomwa, yeye awe wa kwanza. Akisikia au asisikie, asomwe."

"Atasomwa, mama. Nitamwandika wa kwanza."

Nilikuwa nafungua mdomo nimuulize jina. Nadhani nilikuwa naufungua. Simu, ileile iliyokuwa ikinasa sauti yake, ikaita. Ilikuwa familia moja ya karibu na Ogembo, mwili unatoka mochari kesho asubuhi na programu ilikuwa na kosa katika jina la mjane. Mama alinisikia nikijibu. Alinipungia mkono niende, kazi ni kazi. Nilimwambia pumzika, watoto ndiyo sehemu inayofuata, Jumapili tutaanza nao.

Alhamisi mke wa kaka yangu alinipigia kwamba mama amekata kauli, hata mnong'ono hautoki.

Nilifika na kalamu na karatasi, nikamwekea mkononi. Alishika kalamu kama alivyokuwa akishika kitabu cha nyimbo, kwa heshima, akanitazama. Machozi yalimtoka yeye kwanza. Mimi nilikasirika, na kwa aibu yangu nilimkasirikia yeye, kwamba kwa nini hakulisema tu, kwa nini alinisikiliza.

Nilipanda gari kwenda Nyamira kwa mjomba, yule kaka yake. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, na mkewe bado yupo, yule aliyeletwa na ng'ombe wa mama. Nilimsalimu kama inavyopasa, nikanywa chai hadi nusu kikombe, nikauliza.

"Ng'ombe walirudi," mjomba akasema. "Maneno yakaisha."

"Siulizi ng'ombe, mjomba. Nauliza mtoto aliitwa nani."

"Huyo ni mtoto wa watu. Mimi nitajuaje jina lake?"

"Na hao watu ni wa boma gani?"

Alianza kuhesabu maboma kwa vidole, akapotea njiani. Nilikwenda nikiamini ananificha. Nilipotoka niliamini kwamba amesahau kweli, na hilo lilinivunja zaidi. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akaniambia yeye mwenyewe hajawahi kujua kama kulikuwa na mtoto.

Nilikwenda Marani siku ya soko. Sikuwa na jina la mtoto, sikuwa na jina la yule mwanaume, maana mama alimwita "mtu yule" tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa natafuta mwanamke wa zaidi ya miaka sitini mwenye mwanya wa meno kama wa mama yangu, katika soko lililojaa wanawake wa zaidi ya miaka sitini. Nilitembea kati ya mboga na nyanya nikiwatazama watu mdomoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaniuliza, "Wewe unataka nini, mbona unaangalia tu watu?" Nilinunua mkungu ambao sikuuhitaji, nikarudi nao hadi Itumbe, kwa mgonjwa asiyeweza kumeza.

Ikabaki njia moja. Majina ya wasichana wa kwetu si mengi. Mtoto hupewa jina la bibi aliyekwisha kufa, naye alipewa la bibi yake, kwa hivyo ni majina yaleyale yanayozunguka kama sufuria ya harusi. Niliketi kitandani, nikamshika mama mkono na kuanza kuyataja moja moja. Akitikisa kichwa, naendelea. Nilitaja yote niliyoyajua. Alitikisa kichwa kwa yote. Nikaingia majina ya Biblia, akatikisa. Siku ya pili nikarudia tangu mwanzo, polepole, kwa sababu labda hakusikia vizuri, au labda mimi nilitamka upesi. Akatikisa.

Siku ya tatu, kwenye jina moja, akaitikia kwa kichwa.

Nilipiga magoti sakafuni. Nililiandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Halafu ile tabia ya kazi ikanirudia, ile ya kuhakikisha jina kabla ya kuchapa, na nikamtajia jina lingine ambalo alikuwa amelikataa mara mbili. Akaitikia. Nikamtajia la tatu, akaitikia. Nilitaja hata langu mwenyewe. Aliitikia, macho yamefumba, akinipapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Alikuwa amechoka, au alikuwa ananihurumia. Sikumuuliza tena.

Alifariki asubuhi, wachumaji wakienda shambani na vikapu vyao.

Juma hilo nilisikiliza kila nilichokuwa nimenasa ili niandike wasifu. Sauti ya mama ni nzuri mwanzoni, kisha inapungua Jumapili hadi Jumapili, huwezi kuisikiliza bila kutaka kumpa maji. Lakini kinachonirudia hata sasa nikiwa nafunga duka ni sauti ya pili iliyo mle ndani, kavu, yenye adabu, sauti ya karani dirishani. Inasema tutafika hapo, mama. Nimehesabu. Inasema hivyo mara tisa.

Familia ilikaa kupanga mazishi. Mimi ni binti aliyeolewa, nafasi yangu kwenye kikao hicho ni kuleta chai na kuchapisha. Hata hivyo niliomba waandike watoto saba.

"Hiyo saba umetoa wapi?" kaka akauliza. Alikuwa ameshamsikia shangazi zamani kama mimi. "Utaleta watu wa Marani hapa waseme nini? Mama amelala, mwache alale. Ni sita."

Redioni, kwa Kigusii, tangazo la kifo lilisoma watoto sita. Nililisikiliza dukani na kufikiria kwamba huenda mahali fulani Marani mwanamke anamenya ndizi redio ikiwa imewashwa, akasikia kwamba mama fulani wa huku Itumbe amefariki, akasema pole kwa moyo mmoja, akaendelea kumenya.

Usinione shujaa kwa nilichofanya baadaye. Nilikifanya peke yangu, mbele ya kompyuta, ambako hakuna wa kunibishia. Niliandika: mama alijaliwa watoto saba. Chini yake niliweka mstari mtupu, kisha majina yetu sita. Nilitoa nakala mia tatu, nikazikunja na kuzibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Siku ya mazishi mvua haikunyesha na watu walikuwa wengi. Mzee wa kanisa ndiye aliyepewa wasifu kusoma, mtu mwema, aliyeketi na mama wiki nyingi za mwisho akimsomea zaburi. Alisoma kuzaliwa. Alisoma ile mvua ya mawe, na watu wakatikisa vichwa, maana haikuwa kawaida kusikia jambo kama hilo kwenye mazishi. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, mikono juu ya mkongojo. Kisha mzee wa kanisa akafika kwenye watoto.

"Mama alijaliwa watoto saba," akasoma. Nilimwona akishuka na kidole kwenye karatasi, akihesabu majina. Alihesabu tena. Akainua macho, akatabasamu kwa upole.

"Hapa kuna kosa kidogo ya kuchapa," akasema. "Ni watoto sita. Na mwenye kuchapa ni binti yake mwenyewe, kwa hivyo tumsamehe, ni majonzi."

Watu walicheka kidogo, kicheko kizuri cha kumpunguzia mtu msiba. Wengine waligeuka kunitazama pale chini ya hema, wakinionea huruma. Kaka alitazama viatu vyake. Mzee alikuwa bado na kipaza sauti mkononi, na alikuwa ametua kunitazama, kama anayenipa nafasi ya kukubali. Ningeweza kusimama na kusema si kosa. Angenielewa. Angesogeza kipaza sauti karibu yangu na kuniuliza, kwa upole uleule, huyo wa kwanza anaitwa nani.

Niliitikia kwa kichwa kwamba ni kosa. Akashukuru, akarudi kwenye karatasi, akaanza kusoma watoto kuanzia kwa kaka.